Kuondoka si Kumaliza

Hakuna marefu yasiyo na ncha, walisema wahenga, na methali hii imewafariji wengi. Mgonjwa huambiwa hivyo, mfungwa huambiwa hivyo, na mkulima anayesubiri malipo ya pamba yake huambiwa hivyo hivyo. Sina ugomvi na faraja hiyo. Lakini methali yenyewe, ikichukuliwa juu juu, inaweza kutufundisha jambo lisilo la kweli, yaani kwamba mambo hujimaliza yenyewe. Kwamba mtu akianzisha shughuli na kisha akaipa mgongo, shughuli hiyo nayo itafika ukingoni kwa wakati wake bila ya mkono wa mtu. Katika insha hii nataka tulitazame swali moja. Je, mtu aliyeanzisha jambo kisha akaondoka, amelimaliza? Na kama hajalimaliza, ni nani mwenye wajibu wa kulimaliza?

Swali hili ni la zamani sana, lakini mimi nimekutana nalo upya ndani ya kompyuta. Msomaji asiyezoea chombo hicho asiogope. Nitayaeleza mambo yake kwa maneno ya kawaida, na nitakayoyaeleza ni machache tu, ya kutosha kutuvusha.

Hapa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012, vijana wanaojua kompyuta wameongezeka. Mmoja wao ni jirani yangu. Huniita guku, yaani babu kwa Kisukuma, ingawa hatuna undugu wa damu. Kijana huyo alikuwa akitengeneza programu ya kujumlisha uzito wa pamba kwa ajili ya chama kimoja cha msingi cha ushirika. Si kazi ndogo hiyo. Katika mkoa huu pamba ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Mkulima hupanda mvua za Novemba na Desemba, hupalilia, hunyunyiza dawa, huchuma kuanzia Mei, na jasho lote hilo mwishowe hugeuka kuwa tarakimu chache kwenye karatasi ya mizani. Tarakimu hizo zikipotoka, mwaka mzima wa mtu umepotoka.

Katika kuijaribu programu yake, kijana aligundua kwamba ilikuwa ikidondosha nusu kilo. Mzigo wa kilo 47 na nusu ulisomeka kilo 47. Kwa mtu mmoja nusu kilo si neno, lakini katika mizigo 400 ni kilo 200 za pamba ambazo hazina mwenyewe, na pamba isiyo na mwenyewe haikosi kupata mwenyewe. Basi akakaa akairekebisha. Aliandika marekebisho yake katika programu ya kuhariri maandishi, ile ambayo mafundi hutumia kuandikia amri za kompyuta. Akakifunga kihariri hicho, akalala. Kesho yake akakifungua, akaiendesha programu, akaingiza mzigo ule ule. Jibu likaja: kilo 47.

Alirudia tena na tena. Alisoma mistari yake mmoja mmoja na kila mstari ulikuwa sahihi. Alipokuja kwangu kuchaji kompyuta yake, kwa kuwa kwake umeme ulikuwa umekatika, alikuwa amekata tamaa. Akafunga kila kitu mbele yangu, akaiweka juu ya meza. Kompyuta ikaendelea kuvuma.

"Guku," akasema, "nimeshafunga kila kitu, mbona bado inahema kama ng'ombe aliyekimbizwa?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kinachohema kina kazi. Tafuta ni kazi gani."

Akaomba kompyuta imwonyeshe orodha ya kazi zote zinazoendelea, zile zenye dirisha na zile zisizoonekana. Humo akaikuta programu yake ya juzi, ile yenye kosa, ingali inafanya kazi. Ni programu ya aina ambayo mafundi huiita seva: hukaa ikisubiri maswali na kuyajibu. Ilikuwa imekaa kwenye mlango wake, namba 3000, siku mbili mfululizo. Programu mpya, ilipokuta mlango huo una mtu, ilihamia mlango wa pili, namba 3001, ikakaa huko bila kuulizwa swali lolote. Kijana, kwa mazoea, aliendelea kubisha hodi mlango wa kwanza. Akacheka kwa uchungu, akasema, "Kumbe anayenijibu siye wa leo. Ni wa juzi."

Maneno hayo nimeyafikiria mara nyingi tangu siku ile.

Ni nini kilichotokea? Kihariri hakikuianzisha seva chenyewe. Kilimtuma nyapara, yaani programu ya kati ambayo kazi yake ni kupokea amri na kuziendesha, na nyapara ndiye aliyemwajiri kibarua. Kijana alipofunga kihariri, kihariri kikamwachisha kazi nyapara, na nyapara akaenda zake. Lakini hakuna aliyefika shambani kumwambia kibarua kwamba kazi imekwisha. Kibarua akaendelea kulima.

Dawa ya siku ile ilikuwa nyepesi. Kila kazi inayoendelea ndani ya kompyuta ina namba yake, na kwa namba hiyo inaweza kutumiwa ishara ya kusimama. Kijana akaituma, seva ya juzi ikasimama, mlango ukawa wazi, na mzigo ukasomeka kilo 47 na nusu. Dawa ya kudumu ilihitaji fikra zaidi. Alikipanga kihariri chake ili nyapara na vibarua wake waanzishwe kama kundi moja, na wakati wa kufunga, ishara ya kusimama iende kwa kundi zima, si kwa nyapara peke yake. Tangu hapo hakusumbuliwa tena na wa juzi.

Watu waliobuni mfumo wa Unix katika maabara za Bell huko Marekani kuanzia mwaka 1969, ambao mifumo mingi ya kompyuta za leo imeurithi au kuuiga, walitumia lugha ya ukoo kueleza mambo haya. Kazi inayozaa kazi nyingine huitwa mzazi, na iliyozaliwa huitwa mtoto. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto huitwa yatima, naye hukabidhiwa kwa mlezi, ambaye kwa desturi ni kazi namba 1, ile ya kwanza kabisa kuanza kompyuta inapowashwa. Ndiyo maana mtoto hafi kwa sababu tu mzazi wake kafa. Mfumo haukuona vema kudhani hivyo, na mimi nadhani ulifanya busara. Kifo cha aliyetoa amri hakifuti amri.

Hapa ndipo somo la kwanza lilipo. Sisi binadamu tuna mazoea ya kuchanganya kuondoka na kumaliza. Dirisha likifungwa, kwetu kazi imekwisha, kwa kuwa hatuioni tena. Mwenyekiti akihama kijiji, kamati aliyoiunda huhesabiwa kuwa imekufa. Kumbe mjumbe mmoja angali anapita nyumba kwa nyumba akikusanya michango, kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa aliambiwa akusanye na hakuambiwa aache. Mwenye ng'ombe akihamia mjini, yule mtoto aliyemwachia mifugo kwa ahadi ya ndama jike mwisho wa mwaka bado anaamka alfajiri kuifuata. Mkubwa amegeuza uso na jambo limetoka machoni pake. Kule nje lingali linaendelea.

Na tazama jinsi tunavyogawa lawama. Tukimkuta mjumbe yule tunamwita tapeli. Tukiikuta seva ya juzi tunasema kompyuta ina wazimu. Lakini seva ile haikuwa na wazimu hata kidogo. Ilikuwa tiifu kuliko sisi sote. Iliambiwa kaa hapa ujibu, ikakaa ikajibu, usiku na mchana, bila shukrani. Kosa la nusu kilo halikuwa lake, na kuendelea kwake hakukuwa ukaidi. Mtiifu asiyepewa habari hawezi kulaumiwa kwa utiifu wake. Lawama, kama ipo, itafutwe kwa yule aliyekuwa na habari.

Nchi yetu ina kumbukumbu kubwa ya jambo hili. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya saa 5 asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918. Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, alikuwa ameingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, pamoja na askari wake Waafrika na wapagazi wao. Hakujua lolote. Habari zilimfikia tarehe 13 Novemba, kutokana na ujumbe wa Waingereza uliokamatwa, na alisalimisha silaha rasmi huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, tarehe 25 Novemba. Hebu mfikirie mpagazi katika siku zile mbili. Mfalme wa Wajerumani alikuwa ameshaacha kiti chake na kukimbilia Uholanzi. Waliotangaza vita walikuwa wameshaifunga. Lakini mzigo ulikuwa bado kichwani, na njia ilikuwa bado mbele. Alikuwa akibeba risasi za vita ambavyo havikuwa tena na mwenyewe. Nani amwambie? Aliyeifunga vita alikuwa mbali, na kwa hesabu zake vita vilikwisha aliposaini karatasi.

Kwa hiyo jibu la swali letu la kwanza ni hapana. Kuondoka si kumaliza. Jambo humalizika pale habari ya mwisho inapomfikia wa mwisho anayelifanya.

Swali la pili ni gumu zaidi. Ni nani mwenye wajibu? Haraka haraka tutasema ni yule aliyeanzisha. Sawa, lakini je, kama aliyeanzisha hayupo tena? Nazijua familia mbili ambazo hazisalimiani. Wazee wawili waligombana zamani juu ya mpaka wa shamba. Wazee wote wawili wamekwisha kufa, mpaka wenyewe ulikwisha pimwa, na hakuna anayeudai. Lakini wajukuu wakikutana kisimani hupitana kama miti. Ukiwauliza sababu, wanakwambia, "Tumekuta hivyo." Naam, wamekuta hivyo. Hii ni kazi yatima iliyokabidhiwa kwa walezi wasioiomba, nayo ingali imekaa mlangoni ikijibu. Kila mmoja wao akibisha hodi kwa mwenzake, anayemjibu siye wa leo, ni wa juzi.

Mjukuu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba yeye hakuanzisha. Mimi nasema kwamba wajibu hauwezi kukoma hapo. Katika kompyuta, kazi yatima haiwezi kusimamishwa na mzazi wake, kwa kuwa mzazi hayupo. Husimamishwa na yeyote mwenye mamlaka juu yake aliyeiona. Basi na kwetu iwe hivyo. Aliyeanzisha ana wajibu wa kwanza, na hatua ya kuutimiza ni yake kabla hajaondoka. Asipoutimiza, wajibu humwangukia yule mwenye macho ya kuiona na mkono wa kuifikia. Hilo halitokani na hatia yake. Linatokana na ukweli kwamba, baada ya kuiona, kuiacha iendelee kunakuwa ni uamuzi wake mwenyewe. Mtu aliyekuta moto unawaka porini hakuuwasha. Lakini akiupita akiwa na ndoo ya maji mkononi, hawezi tena kusema hahusiki.

Wakulima wa pamba wanalijua jambo hili kwa vitendo. Mpamba kwa asili si mmea wa msimu mmoja. Sisi ndio tunaoulima kama zao la mwaka, lakini wenyewe ukiachwa huchipua tena na kuendelea kuishi. Mkulima akishachuma na kupima, kwake msimu umekwisha. Mpamba haujui hivyo. Unabaki shambani, unatoa machipukizi, na ndani yake funza wa vitumba wanapata pa kujificha mpaka mvua za msimu mpya. Ndiyo sababu kanuni za zao hili zinamtaka kila mkulima, baada ya mavuno, ang'oe masalia na kuyachoma. Kazi hiyo haina malipo, haina mizani, na hufanywa wakati mtu amechoka na fedha ziko mfukoni. Lakini asiyeifanya hamdhuru nafsi yake peke yake, kwa sababu funza hawasomi mpaka wa shamba. Jirani aliyeng'oa masalia yake vizuri huvamiwa na wadudu waliotunzwa na mwenzake aliyedhani kwamba kuuza ndiko kumaliza.

Sasa tukishakubaliana kwamba jambo lazima lisimamishwe, lipo swali la namna. Kompyuta ina ishara mbalimbali za kusimamisha kazi, na mbili zinafaa kufikiriwa. Ishara namba 15 ni ya kuomba. Inaiambia kazi: wakati wako umekwisha, kusanya vitu vyako uondoke. Kazi ikiisikia hupata nafasi ya kuhifadhi ilichokuwa ikiandika, kufunga mafaili, kuwaaga watoto wake. Ishara namba 9 haiombi. Kazi inayopigwa nayo haipati nafasi hata ya kuisikia. Mfumo huiondoa papo hapo, na kama ilikuwa katikati ya kuandika, maandishi yanaweza kubaki nusu. Fundi mwenye adabu huanza na 15, husubiri, na hufikia 9 pale tu 15 inaposhindikana. Fundi mwenye haraka huanza na 9, kisha hushangaa kukuta mafaili yaliyokatika katikati.

Sihitaji kumweleza msomaji ni wangapi miongoni mwetu huanza na 9. Binti wa kazi za ndani huambiwa jioni kwamba kesho asubuhi apande basi. Mlinzi hukuta kufuli jipya langoni. Mchumba huacha kupokea simu. Sisemi kwamba watu hao wote walistahili kuendelea. Pengine kazi ilikuwa imekwisha kweli. Nasema kwamba hata mwisho ulio wa haki unaweza kufanywa kwa dhuluma. Binti yule alikuwa katikati ya kitu: alikuwa ameweka akiba kwa mwenye duka, alikuwa amemwahidi mama yake fedha za mwezi ujao, alikuwa ameanza kujifunza cherehani kwa jirani. Muda wa kukusanya vitu vyake ungetugharimu siku chache tu. Yeye kuukosa kumemgharimu vyote hivyo.

Lipo na kosa la upande wa pili, nalo ni kutokubali kwamba kilichokwisha kimekwisha. Mafundi wana jina la kutisha kwa kazi ya aina hiyo: huiita mzuka. Ni kazi iliyokwisha kufa, haifanyi lolote, lakini jina lake lingali kwenye orodha kwa sababu mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo chake. Ishara yoyote utakayoituma haifui dafu, kwani huwezi kuua kilichokwisha kufa. Kinachotakiwa ni mzazi apokee taarifa. Na mzazi asiyepokea akiondoka, mlezi huipokea badala yake na jina hufutwa. Deni lililolipwa lakini halikufutwa daftarini ni la namna hii. Linamnyima mtu usingizi, linampunguzia heshima dukani, na halina kitu ndani yake. Nadhani ndiyo maana desturi zetu zikaweka siku ya kuanua matanga. Marehemu alizikwa siku nyingi, hakuna asiyejua. Lakini watu hukutana, madeni na amana hutajwa mbele ya mashahidi, na ukoo husema kwa sauti: tumepokea. Bila ya neno hilo, msiba hubaki kwenye orodha.

Najua kuna msomaji ambaye kufikia hapa ana pingamizi, na pingamizi lake ni zito. Atasema: je, kila tulichoanzisha tukisimamishe tunapoondoka? Si ndiyo sifa ya kazi njema kwamba huendelea baada ya mwenyewe? Aliyepanda mwembe hakuung'oa alipofunga safari. Mwalimu aliyestaafu hatamani wanafunzi wake wasahau kusoma.

Ni kweli, na kompyuta yenyewe inalikubali hilo. Zamani, watu walipoziendesha kompyuta kubwa kwa njia ya simu, laini ikikatika kazi zote za mtu yule zilipelekewa ishara namba 1, yaani mwenyewe kakata simu, na kwa kawaida zilisimama. Lakini mafundi waliona mapema kwamba zipo kazi ambazo mtu anataka ziendelee hata akiondoka, wakatengeneza amri maalumu ya kusema: hii, hata nikikata simu, iache. Tofauti kati ya kazi hiyo na ile seva ya juzi haionekani kwa macho. Zote mbili zinafanya kazi gizani, mwenyewe hayupo. Tofauti ni kwamba moja iliachwa kwa kusudi na nyingine ilisahauliwa.

Mfano wetu wa nyumbani ni ngitili. Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, na kufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Historia ya ardhi hii ina pande zote mbili za hoja yetu. Wakati wa ukoloni serikali iliendesha ufyekaji wa misitu katika Usukuma ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walipopungua, panga halikupumzika. Likaendelea kufyeka kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa, hata sehemu kubwa ya Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ikabaki kipara. Huo ulikuwa ufyekaji yatima: sababu iliyouzaa ilikuwa imekwisha, nao ukaendelea.

Kisha mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI. Badala ya kuleta jambo geni, uliwarudisha watu kwenye ngitili zao. Wakati unaanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa kupita hekta 300,000. Mradi ulifungwa mwaka 2004. Ofisi zikafungwa, magari yakaondoka, na ngitili zikabaki. Kwa nini zilibaki? Kwa sababu hazikuachwa tu. Kila moja ilikuwa na mwenyewe, familia au kijiji. Ilikuwa na sheria ndogo za kuilinda na adhabu kwa anayezivunja. Na juu ya yote, ilikuwa na wakati wa kufungwa na wakati wa kufunguliwa. Aliyebaki alijua kwa nini anaendelea, na alijua lini aache.

Basi pingamizi lile halivunji hoja, bali linaikamilisha. Hatutakiwi kusimamisha kila kitu. Tunatakiwa kuchagua. Kila jambo tuliloanzisha lina moja kati ya mambo mawili tunapoondoka: ama lipewe mwisho, na wanaolifanya waambiwe kwa lugha ya namba 15, ama lipewe mlezi, pamoja na sababu yake na masharti yake. Kisichokubalika ni njia ya tatu, ambayo ndiyo njia ya wengi wetu, yaani kufunga dirisha.

Kipo kihariri kimoja cha zamani kiitwacho Emacs, ambacho Richard Stallman wa Marekani alitoa toleo lake la GNU mwaka 1985, na ambacho kinatumika hadi leo. Kina tabia ninayoipenda. Ukitaka kukifunga huku kazi ulizozianzisha ndani yake zikiendelea, hakikuachii uondoke hivi hivi. Kinakwambia kwamba zipo kazi zinazoendelea, kisha kinakuuliza kama unataka kuziua na kuondoka. Mtu mwenye haraka huudhika na swali hilo. Lakini ni swali ambalo rafiki mwema angekuuliza mlangoni.

Ndugu msomaji, maisha hayatuulizi hivyo. Tunahama, tunastaafu, tunaachana, tunakufa, na dirisha hufungwa bila ya sauti yoyote kutuzuia. Ndiyo maana hatuna budi kujiuliza wenyewe, tena mapema, wakati mkono bado una nguvu ya kutuma ishara. Ni nani hivi sasa anafanya jambo kwa sababu niliwahi kumwambia alifanye? Je, sababu niliyompa ingalipo? Nani anamkwepa nani kwa ajili ya neno langu? Nani ananisubiri? Orodha itakayotoka huenda ikawa ndefu kuliko tunavyodhani, na mengi yaliyomo hayana dirisha. Lakini mengi pia hayahitaji zaidi ya kumtembelea mtu, kumwamkua, kuketi, na kumwambia kwamba lile jambo limekwisha, na ahsante kwa kulibeba mpaka leo.